Mashine Iko Kwetu, Funguo Haziko Kwetu

Amri ya kwanza niliyotaka kuipa kanzidata mpya ilikosa pa kuandikwa. Ni ile ambayo vidole vyangu huiandika bila kuniuliza: sqlplus / as sysdba, amri ya kuingia kama mwenye nyumba. Nimeiandika kwa miaka 16, usiku wa manane, sikukuu, mara moja nikiwa nimeweka kompyuta juu ya pipa la taka kwa kukosa meza kwenye chumba cha seva. Safari hii nilitafuta njia ya SSH ya kuingia kwenye seva nikakuta haipo. Nilichopewa ni mtumiaji mmoja anayeitwa ADMIN, faili la zipu lenye vyeti vya kuunganishia, na ukurasa wa kivinjari wenye vitufe. Mtumiaji SYS, ambaye kila DBA, yaani msimamizi wa kanzidata, amelala naye chumba kimoja tangu siku ya kwanza ya kazi, hakuwa wangu tena.

Kilichonichoma zaidi ni umbali. Ingekuwa imekaa bara jingine ningeelewa. Hii iko hatua kumi kutoka mezani kwangu, nyuma ya mlango wa kioo, na ofisi ikitulia nasikia mafeni yake. Umeme ni wetu, kiyoyozi ni chetu, sakafu iliyopimwa kama itabeba uzito ni yetu. Kuingia ndani yake ndiko kusikokuwa kwetu.

Kwa ambaye hajakutana na mpangilio huu, habari ni hii. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle walitangaza kanzidata waliyoiita Autonomous, yaani inayojiendesha: inajiwekea viraka vya programu, inajichukulia nakala rudufu, inajiongezea nguvu pale kazi inapozidi. Mwaka 2018 ikaanza kupatikana, lakini kwenye wingu lao tu, yaani kompyuta zao za mbali unazozitumia kupitia mtandao. Julai 2020 wakaileta kwenye Exadata, mashine zao za kuendeshea kanzidata, zinazokaa kwenye kituo cha data cha mteja mwenyewe. Raki, kabati lenye seva hizo, inaletwa kwenu, inabaki mali ya mwenye wingu, ninyi mnalipia usajili. Ile ndogo tuliyoizoea kuiita robo raki ina seva mbili za kanzidata na seva tatu za hifadhi. Humo humo kuna seva nyingine mbili ambazo wengi huzisahau, nazo ndizo zinazoibadilisha mashine ya kawaida kuwa kipande cha wingu: seva za udhibiti. Hizo hufungua njia salama ya kutoka nje kwa poti 443 hadi kwenye kituo cha wingu, na kwa njia hiyo maagizo hupita. Ukibonyeza kitufe kwenye kivinjari ili kuongeza kori za prosesa, agizo lako linakwenda mbali kwanza, kisha linarudi kwenye raki iliyo hatua kumi kutoka ulipoketi.

Sasa kwa nini mtu asiende kwenye wingu lenyewe, akaachana na mambo ya sakafu na viyoyozi? Kwetu zilikuwepo sababu mbili. Moja ni ya wanasheria, nayo ni fupi: kuna data ambayo haitoki kwenye jengo, basi. Ya pili ni ya fizikia, nayo ndiyo ninayoipenda kwa sababu haibishaniwi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kituo cha wingu kikiwa kilometa 1,000 kutoka kwako, swali likienda na jibu likirudi ni milisekunde 10, kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Milisekunde 10 si kitu, utasema. Sasa chukua skrini yetu ya kuangalia salio, iliyoandikwa na watu ambao wengi wao wameshastaafu. Niliihesabu siku moja: kabla haijachorwa inaiuliza kanzidata maswali 400, moja baada ya jingine, kila moja likisubiri jibu la lililotangulia. Ndani ya jengo swali moja huchukua nusu milisekunde, jumla sehemu ya tano ya sekunde. Ihamishe kanzidata kilometa 1,000, ukiiacha programu ilipo, na skrini hiyo hiyo inakula sekunde 4. Mtu aliyesubiri sekunde nne mara tatu hatakuuliza habari za wingu, atakuuliza kama mfumo umekufa.

Ndiyo, dawa ya kweli ni kuiandika upya ile skrini. Tumekuwa tukisema hivyo tangu kabla sijaajiriwa.

Wazo la kanzidata kujihudumia si la jana. IBM walikuwa wakilihubiri mwaka 2001. Oracle 10g ya mwaka 2003 ilikuwa tayari inajichunguza na kukuandikia ripoti ya wapi panauma. Hata PostgreSQL, kanzidata yenye msimbo wazi, tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, ina autovacuum ndani yake, mfagizi anayepita kuondoa takataka za safu zilizofutwa, na nimeshakutana na watu waliomzima kwa kuona anawapunguzia kasi, kisha wakaja kuomba msaada mifumo yao ikiwa imejaa hadi shingoni. Lililobadilika baada ya 2017 ni nani anayeshika usukani. Zamani mashine ilishauri na wewe ukaamua. Sasa inatenda, na wewe unasoma kwenye kumbukumbu kwamba imetenda.

Nianze na viraka, kwa sababu hapo ndipo tulipoumbuka. Oracle hutoa masahihisho ya kanzidata kila robo mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Katika maisha yangu ya zamani, viraka vya robo mwaka vilikuwa ni kikao, barua pepe 30, wikendi moja iliyoharibika, na mara nyingi uamuzi wa kuahirisha hadi robo ijayo. Tuliwahi kuahirisha robo tano mfululizo. Mpangilio huu mpya haukupi starehe hiyo. Unachagua mwezi, wiki, siku na saa. Unaweza kusogeza kidogo. Lakini kazi itafanyika. Na inafanyika kwa zamu: seva ya kwanza inaondolewa kwenye kazi, inatiwa viraka, inarudi, kisha ya pili. Kanzidata haizimwi hata dakika moja.

Jumapili ya kwanza nilikuja ofisini ingawa hakuna aliyeniita. Nikakaa mbele ya skrini kama mgeni kwenye harusi ya mtoto wake mwenyewe. Saa 4 usiku seva ya kwanza ikatoka. Kanzidata iko hewani, rangi ya kijani, maswali yanajibiwa na seva ya pili. Saa 4 na dakika 6 simu ikalia. Ni bosi.

"Kanzidata iko hewani?"

"Iko hewani, mzee."

"Mbona watu wa zamu wanasema mfumo haufunguki?"

Nilirudia kusema iko hewani, nikajisikia mjinga hata kabla ya kumaliza. Tulitafuta hadi saa 6. Kosa halikuwa la raki wala la aliyeileta. Kwenye faili la mipangilio la programu yetu, mahali panapopaswa kuwa jina la huduma, jina ambalo humpeleka mtu kwenye seva yoyote iliyo hai, mwenzetu alikuwa ameandika anwani ya IP ya seva ya kwanza. Miezi miwili nyuma, siku ya majaribio, DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP, ilimsumbua. Akaweka namba ili aendelee na kazi, akaapa kuja kuirekebisha. Juu ya hilo, programu hufungua miunganisho 80 asubuhi na kuikumbatia siku nzima bila kuuliza kama upande wa pili bado kuna mtu. Seva ilipoondoka, miunganisho yote 80 ikawa maiti, na programu ikaendelea kuzungumza na maiti.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa mashine hii. Kanzidata ya zamani, ambayo tulikuwa tukiizima kwa saa nne na kuwaomba watu radhi, ilikuwa ikitufichia mambo. Ukizima kila kitu hutajua kamwe kwamba programu yako haijui kuhamia seva nyingine. Tulirekebisha faili, tukaweka majaribio ya kuunganisha tena, tukapunguza umri wa miunganisho. Robo iliyofuata sikwenda ofisini. Ni uongo: nilikwenda, lakini niliondoka saa 5.

Indeksi, orodha za kuifikia data haraka kama faharasa ya kitabu, ni habari tofauti kidogo, na hapa mashine ilinipiga kwa haki. Tangu toleo la 19c la Oracle kuna kazi inayopita chinichini kila dakika 15. Inaangalia maswali yaliyopita ya SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, inakisia indeksi ambayo ingesaidia, inaitengeneza ikiwa imefichwa, maana yake hakuna swali linaloitumia bado, kisha inayaendesha maswali yale kando kuona kama kweli yanakimbia zaidi. Ikisaidia, inaifunua. Isiposaidia, haioni mwanga. Zinazotengenezwa hivi majina yake huanza na SYS_AI, na isipotumika kwa siku 373 huondolewa, mwaka mmoja na wiki moja hivi, naamini ili ripoti ya mwaka isije ikaikosa. Hilo nalipenda. Aliyepanga ile wiki ya ziada amewahi kufunga hesabu za mwaka.

Kipengele hiki huja kikiwa kimezimwa. Nilikiwasha kwanza katika hali ya kuripoti tu, nikiwa na nia mbaya, nikitaka kukikamata kinakosea. Jedwali letu la miamala lilikuwa na indeksi 14, nyingi nimezitengeneza kwa mikono yangu na kila moja nina hadithi yake. Ripoti ikapendekeza mbili mpya. Moja ilikuwa na safu wima zile zile tatu za indeksi yangu ya mwaka wa nyuma, ila kwa mpangilio mwingine: hali ya muamala mbele, tarehe nyuma. Mimi nilitanguliza tarehe. Nikasema haiwezekani. Nikajaribu kwenye nakala, na swali lililokuwa likisoma theluthi ya jedwali likaanza kugusa vipande vichache tu vya jedwali, kwa sababu miamala iliyokwama ni michache na ndiyo inayotafutwa kutwa nzima. Nilikuwa nalijua hilo tangu zamani. Sikuwa nimeketi kulifikiria.

Lakini kuna lililoishinda. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa na sharti hili: TO_CHAR(tarehe, 'YYYYMM') = '202203'. Tarehe imefungwa ndani ya fomula, kwa hiyo indeksi ya kawaida ya tarehe haifai kitu. Kila safu lazima ibadilishwe kuwa maneno kwanza, ndipo ilinganishwe. Mashine ilipita juu ya swali hilo kila dakika 15 kwa wiki tatu, ikaliacha kama lilivyo. Mimi nililiandika upya kwa mstari mmoja, tarehe kuanzia mosi ya mwezi hadi kabla ya mosi ya mwezi unaofuata, na ripoti ya dakika 40 ikawa ya dakika 2. Haikuhitaji akili kubwa. Ilihitaji mtu anayejua kwamba aliyeandika sharti lile alikuwa na maana ya "mwezi wa tatu", na si jambo jingine.

Kuhusu nguvu ya prosesa kujipandisha nitapita haraka. Unaweka kiwango cha chini, na yenyewe inaweza kupanda hadi mara tatu ya hapo kazi ikizidi. Inafanya kazi vizuri. Tahadhari ni kwamba kwenye wingu la mbali unapanda ukijua kuna mashine nyingine nyingi nyuma ya ukuta. Hapa nyuma ya ukuta kuna kabati la mafagio. Raki ikijaa imejaa. Anayekuambia amekuletea wingu lisilo na mwisho kwenye chumba cha mita nne kwa tano, muulize mwisho wake uko wapi, atakuonyesha karatasi yenye namba.

Ile njia ya poti 443 nayo ilituletea kisa. Kijana wetu wa usalama wa mtandao, mchapakazi kweli, aliona muunganisho unaotoka nje saa 24 bila kukatika, kutoka kwenye raki yenye data nyeti kuliko zote. Akaukata kwenye faiwoli, kama ambavyo ningetaka aukate mwingine wowote wa namna hiyo. Kanzidata haikutetereka. Programu ziliendelea, watu waliendelea, hakuna aliyejua. Siku iliyofuata nikataka kutengeneza nakala ya majaribio, kitufe kikazunguka tu. Kuongeza kori, haiwezekani. Kuona hali ya afya, picha ya jana. Mwili ulikuwa ukitembea lakini hakuna wa kuuagiza. Kijana aliponiuliza, "Kaka, sasa hiki kitu ni chetu au ni chao?", nilianza kumjibu nikaishia kumchorea mchoro ubaoni, na mchoro wenyewe ulihitaji rangi tatu.

Swali lake lina jibu la kiutendaji, hata kama halina jibu la moyoni. Wahudumu wa wingu wakihitaji kuingia kwenye mashine kurekebisha kitu, kuna utaratibu wa idhini: ombi linakuja na sababu yake na upana wake, mimi nakubali au nakataa, amri wanazoandika zinarekodiwa, na nikiondoa idhini kikao chao kinakatika hapo hapo. Mara ya kwanza ombi lilikuja saa 8 usiku. Nililisoma mara nne. Nilizoea kuwa mtu anayeingia, sasa nimekuwa bawabu mwenye daftari. Na daftari si kazi ndogo: mkaguzi alipokuja, kitu cha kwanza alichotaka ni orodha ya nani ameingia na kwa ruhusa ya nani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote niliweza kumpa kabla chai haijapoa. Enzi za sysdba sote tulikuwa tunaingia kwa jina moja.

Nakala rudufu zinachukuliwa zenyewe, na hapo ndipo ninapowaogopea wenzangu. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, alifuta saraka ya data kwenye seva isiyo yake, ile iliyo kazini, na walipokimbilia nakala zao wakakuta zile za kila siku hazikuwa zikifanyika: programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Walipoteza data ya takriban saa sita, na kwa heshima kubwa wakaeleza yote hadharani. Kanzidata inayojiendesha ingeepuka sehemu kubwa ya hayo. Haiwezi, hata hivyo, kujua kwamba amri ya kubadilisha data, UPDATE, iliyosahau WHERE, sharti la kusema ni safu zipi, ilikuwa ni kosa. Kwake ni amri halali kutoka kwa mtu mwenye ruhusa, na itaihifadhi kwa uaminifu katika kila nakala. Kuirudisha nyuma hadi dakika unayotaka inaweza. Dakika gani, utaitaja wewe, na utaitaja huku watu sita wamesimama nyuma ya kiti chako. Kwa hiyo kila miezi mitatu tunarudisha nakala nzima kwenye kanzidata ya pembeni na kuhesabu safu. Nakala nyingine iko jengo jingine. Nakala inayolala chumba kimoja na kanzidata itaungua nayo.

Wapo watakaosema yote haya yanawezekana bila kumpa mtu funguo. Ni kweli kwa sehemu. Tangu kampuni ya CoreOS walipoleta wazo la operator, programu inayosimamia programu nyingine, kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, mwaka 2016, unaweza kuwa na PostgreSQL inayojiinua seva kuu ikianguka na kujichukulia nakala. CloudNativePG inafanya hivyo na msimbo wake uko wazi. Tunayo kwa mifumo midogo na naipenda. Lakini pale ninazo funguo zote, na siku operator ilipochanganyikiwa kuhusu nani ni seva kuu, nilijikuta nikisoma msimbo wa Go saa 9 usiku bila wa kumpigia simu. Microsoft wana Azure Arc, Amazon wana Outposts yenye RDS, huduma yao ya kanzidata, kila mmoja amechora mpaka wa funguo mahali pake. Ukinunua chochote kati ya hivi, soma kwanza ule mpaka. Jedwali la kasi litasubiri.

Wiki iliyopita diski moja ya hifadhi ilikufa. Sikujua mimi, aliyejua ni mashine. Kila kipande cha data kina nakala tatu kwenye seva tatu tofauti, kwa hiyo ilianza kujipanga upya, ikafungua tiketi yenyewe, na fundi akapangiwa siku. Nilipata barua pepe nikiwa kwenye foleni ya chakula. Siku ilipofika, saa 3 asubuhi, simu ya mezani ikalia. Ni mlinzi wa getini.

"Kuna mtu hapa na boksi, anasema amekuja kwa ajili ya diski. Jina lake silioni kwenye karatasi yangu."

Nikashuka na kalamu.